Kasa Aliyepotea Wiki ya Harusi

Ulikuwa dirishani. Usitikise kichwa, pazia lako lilionekana likisogea. Siku mzee Boina alipopitishwa katikati ya mji wa Moroni, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya nyavu, viatu vyake vimeshikwa na polisi, wewe ulichungulia, ukaona, ukarudi kwenye chai yako. Ndivyo ulivyofanya Mei ya 1978, wazungu wa bunduki walipotoka baharini gizani na kulipokucha wakawa ndio wenye nchi. Ulisema, "Hayo ni ya wakubwa." Miaka sita imepita, sasa wamefika kwenye supu, wanataka kumla mgonjwa hospitalini, na wewe umesema nini? "Ah, ni kasa tu."

Kasa tu! Haya, kaa usikilize habari za huyo kasa tu, na za inspekta aliyetumwa kumtafuta. Maana yeye naye alikuwa mwenzako. Jibu lilimjia mpaka usoni, akalikanyaga, akalitukana, akapita.

Jumatano asubuhi hodhi lilikuwa halina kasa. Inspekta Ridjali alichutama ukingoni akatazama maji yaliyotulia, vipande vya mwani, na visamaki viwili vitatu vilivyokuwa vikizunguka kama vimefiwa.

Hodhi hilo la mawe meusi, nyuma ya bandari ndogo, zamani lilikuwa la kuogeshea ng'ombe walioshushwa kutoka melini. Fundi Nouriat, mwalimu wa sayansi, maana huku mwalimu huitwa fundi, ndiye aliyeligeuza hospitali. Kila kiumbe cha bahari kilichotupwa na mawimbi kikiwa hoi kililetwa pale. Alipita pomboo mchanga, akapita ndege aliyejaa mafuta mbawani, na safari hii alikuwa kasa jike mkubwa aliyeokotwa kwenye mawe ya Ikoni, kamba ya nailoni imemla pezi la mbele karibu na mfupa. Kila Ijumaa baada ya swala, Fundi Nouriat alipanda juu ya kreti, akashika kipaza sauti, akausomesha mji. Kwamba kasa huvuta hewa kama wewe, na akinaswa chini hufa maji kama wewe. Kwamba yale machozi yake ufukweni si majuto, ni chumvi anayoitoa mwilini. Kwamba mfuko wa plastiki ukielea hufanana na yavuyavu, naye huumeza akidhani ni chakula. Wauza mihogo walikuja, makarani walikuja, wavuvi walikuja kubisha wakabaki kuuliza. Watu wakampa mgonjwa jina la Koko, yaani bibi, kwa ajili ya mikunjo ya shingo yake na namna anavyomtazama mtu kama aliyemkosea.

"Mara ya mwisho ulimwona lini, Fundi?" Ridjali aliuliza.

"Jana, kabla ya maandamano ya harusi. Alikuwa anakula mwani mkononi mwangu."

"Na ulipotazama tena?"

"Nilitazama harusi, Inspekta. Kwani kwenu Mutsamudu zawadi za bwana harusi zikipita watu hutazama ukuta?"

"Mnyama mwenye uzito wa wanaume wawili, mchana kweupe, na hakuna aliyeona."

"Mji mzima ulikuwa unacheza."

Ridjali alizunguka hodhi akiwa ameinama. Kasa akiburutwa huacha mchirizi mpana wa kifua, hata mtoto anaujua. Hapa, kwenye ule ukanda wa mchanga kati ya hodhi na barabara, hapakuwa na mchirizi. Palikuwa na nyayo, nyingi, zimezama sana kisiginoni, kushoto na kulia kwa mpango, kama za watu wanaokwenda kwa kipimo kimoja.

"Amebebwa," alisema. "Na wanane au kumi. Na wote wametua mguu pamoja. Nani anajua kubeba hivi?"

"Wanajeshi," alisema Fundi Nouriat, haraka mno.

"Wanajeshi huvaa buti. Hawa walikuwa pekupeku."

Kisha akaona kitu kimenaswa kati ya mawe mawili. Akakivuta. Kilikuwa kipande cha kitambaa chekundu chenye maua meupe, na ukingoni kina doa la zambarau. Kitambaa alikijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake: shiromani, vazi ambalo mwanamke wa kisiwa chake cha Ndzuani hatoki nje bila kujitanda. Na doa alilijua vilevile, ni ile dawa ya zambarau inayopakwa vidonda vya watoto, ambayo Fundi Nouriat alikuwa akimpaka Koko kila siku.

"Shiromani," alisema mwalimu, na macho yake yakawa kwenye bahari. "Basi ni mtu wa kwenu, Inspekta. Wachukuzi wanasema jana iliondoka boti kwenda Mutsamudu, na ndani yake kulikuwa na kitu kimefungwa magunia majimaji. Kilikuwa kinapumua."

"Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Uniulize."

Kituoni, kiti chake kilikuwa na mtu. Kapteni Delorge, mmoja wa wale mamluki, alikuwa amekikalia huku amepandisha buti mezani. Mjini walimwita Kapteni Supu, kwa siri, kwa sababu hakuna kiumbe cha visiwa hivi alichokitazama bila kuuliza kinapikwaje.

"Kasa ni wangu," alisema.

"Ulimpata kwa nani, Kapteni?"

"Nilisema namtaka. Hapa kwenu hilo linatosha."

"Na Boina kosa lake nini?"

"Alikuwa mlinzi wa hodhi. Kilicholindwa hakipo." Kapteni alishusha miguu, mmoja mmoja. "Ijumaa jioni nina wageni. Kasa akipatikana, anaingia sufuriani na mzee wako anarudi kwao. Asipopatikana, mzee anahamia kambini kwetu, atueleze vizuri. Chagua, Inspekta. Mimi yote mawili yananifaa."

Waliowahi kuhamia kambini walirudi, baadhi yao. Hakuna aliyesimulia. Wewe hukuwauliza.

Boina alikuwa ameegemea ukuta wa mahabusu, anavunja biskuti na kuwapa sisimizi. Alikuwa mvuvi wa Ikoni aliyeacha nyavu ili kuchunga wagonjwa wa hodhi.

"Mwanangu," alisema, "niambie wewe uliyesoma. Nimeiba kasa, nimemficha wapi? Ndani ya kofia?"

"Unajua aliko?"

"Hapana."

"Unajua nani anajua?"

Boina alicheka mpaka akakohoa. "Uliza mtu yeyote wa Ikoni. Siri ukinipa asubuhi, adhuhuri inauzwa sokoni pamoja na samaki. Aliyemchukua Koko ananifahamu vizuri. Ndiyo maana sikuambiwa." Akawarushia sisimizi chembe nyingine. "Anakula?"

"Nani?"

"Koko. Huko aliko. Asipopata maji ya bahari macho yake huvimba. Ukimwona mzungu mwambie hilo. Au usimwambie, akimla avimbe yeye."

Mvua ilianza Ridjali akiwa mahabusu, na ilikuwa bado inapiga alipotoka kurudi alikopanga. Ilikuwa mvua nzito, ile ya kugonga mabati kama inadai kodi. Katika kichochoro cha nyuma ya msikiti, chini ya nyumba ya Bibi Maanrifa, mama wa bibi harusi, maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye mlizamu wa paa moja kwa moja hadi njiani. Yalikuwa yamechimba dimbwi. Inspekta alilikanyaga, akateleza, akakaa chini kwa nguvu mbele ya wanawake watatu waliokuwa barazani.

"Pole, Inspekta!" walisema kwa pamoja. Mmoja alikuwa Bibi Maanrifa mwenyewe, naye alikuwa wa kwanza kuziba mdomo kwa upindo wa leso asicheke.

"Mlizamu wenu umepinda," alisema Ridjali akijipangusa matako.

"Umepinda, baba. Fundi wa bati atakuja harusi ikiisha."

Akalilaani lile dimbwi, akaenda zake. Umeona alivyopita? Wewe pia ungepita.

Mwenye nyumba wake, Bweni Djaouharia, yaani Mama Djaouharia kwa heshima ya Moroni, alimngoja mlangoni na ndoo. "Mtoto wa mito," alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, "leo utaoga kwa kopo moja. Jana umeoga kama umeoa. Hapa kisiwani Ngazidja hatuna mto hata mmoja, maji ya mbinguni yakishuka tunayakamata paani, tunayafungia ndani ya tangi, tunayahesabu kama dhahabu."

"Lakini mvua inanyesha, Bweni."

"Inanyesha leo. Utakunywa nini mwezi wa tisa? Ahadi?"

Hata hajamaliza, Bibi Maanrifa akabisha hodi, naye ana ndoo. Anaomba maji kidogo tu, ya kupikia. Bweni Djaouharia alimjazia bila kumtazama usoni. Ridjali aliwapisha mlangoni. Alikuwa akifikiria boti, Mutsamudu, na kitu kinachopumua ndani ya magunia.

Alhamisi akapanda kile kindege kinachotetemeka kama mgonjwa wa malaria, akashuka Ndzuani. Harufu ya karafuu na ya ilangilangi ilimpokea kabla ya ndugu. Hakwenda kwa ndugu. Alikwenda Mirontsy, walikofikia wavuvi, akamtafuta mwenye boti.

"Kitu kilichofungwa magunia majimaji," alisema. "Kilichopumua. Kiko wapi?"

Mwenye boti, jitu la mabega mapana, aliweka chini sindano ya kushonea nyavu. "Nani kakwambia?"

"Moroni nzima."

"Moroni nzima haina kazi." Lakini alisimama, akaongoza njia hadi uani, akafungua lango la makuti. "Huyu hapa. Mkamate."

Kondoo dume mnene aliinua kichwa. Alikuwa na kipande cha gunia mdomoni, anakitafuna kwa utulivu wa hakimu.

"Wa akika ya mwanangu," alisema mwenye boti. "Nilimfunga magunia majimaji asife joto. Unataka kumhoji? Alikuwa mbishi sana baharini, pengine anaficha jambo."

Watu wa ua ule walicheka, na mpaka Ridjali anafika Mutsamudu mjini, kicheko kilikuwa kimeshamtangulia. Shangazi yake Batoul, muuza vitambaa, alimpokea kwenye kichochoro cha duka lake huku akilia mee kama kondoo.

"Karibu mwanangu! Mshukiwa wako amekiri?"

"Shikamoo, Shangazi. Hajasema neno." Akampa kile kipande. "Hiki je?"

Batoul aliacha mzaha. Alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akavuta uzi mmoja wa pindo.

"Hiki kimetoka hapa dukani. Upindo huu naushona mimi, mara mbili, mwenzangu hakuna. Lakini nyekundu hii nzito sijauza hapa mjini hata moja. Robota zima lilikwenda Moroni. Mama mmoja anamwoza binti yake kwa harusi kubwa, akataka wanawake wake wote wavae shiromani sare, wang'ae tofauti na harusi nyingine. Maanrifa, jina lake. Mwanamke wa maneno mazuri." Akainusa ile zambarau. "Na hii dawa ya nini? Nani ameumia harusini?"

Ridjali alikikunja kile kipande, akakitia mfukoni. Shangazi alimwita uani anawe miguu ale. Uani kwa Batoul, mtu haombi maji. Mto unapita nyuma ya ukuta, na mfereji umeletwa mpaka ndani. Shangazi alichota kata ya kwanza, akamwagia miguuni. Ya pili. Ya tatu, kwa kuwa tu mkono ulikuwa umeshazoea. Maji yalitiririka kwenye sakafu ya mawe, yakatoka nje kupitia tundu la ukuta, na hakuna aliyeyatazama.

Yeye aliyatazama.

"Shangazi. Ungekuwa unakaa Ngazidja, mvua inanyesha usiku na mchana, tangi lako kubwa kuliko yote mtaani. Kitu gani kingekufanya ugeuze mlizamu wa paa, mvua yote imwagike njiani?"

"Kichaa."

"Na kisha uende na ndoo kwa jirani kuomba maji ya kupikia?"

Batoul alishusha kata. Alikuwa mfanyabiashara, mambo yasiyolingana yalimwasha mwilini. "Basi tangini mna kitu," alisema polepole, "ambacho hakitaki maji ya mvua."

Inspekta Ridjali alikaa juu ya ukingo wa mfereji, miguu inadondoka maji. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Miguu kumi pekupeku inayotua pamoja, kwa sababu ngoma inapigwa. Mzigo mkubwa unaopita mji mzima mchana kweupe, na kila mtu anaushangilia, kwa sababu ni zawadi za harusi. Nyumba ambayo hakuna polisi wala mzungu anayeweza kuikanyaga, kwa sababu bibi harusi yumo katika siku zake za kukaa ndani. Yeye, mtoto wa mito, alikuwa amekalia jibu kwa matako yake mawili akasema mlizamu umepinda.

"Kula kwanza," alisema shangazi.

"Nifungie, Shangazi. Nitakula angani."

Ijumaa asubuhi, mvua ikiwa imekatika, Bibi Maanrifa alikuwa barazani kwake akichambua mchele. Ridjali alivua kofia.

"Kwezi, Bweni Maanrifa," alimsalimu kwa heshima ya mji ule.

Mama harusi akaitikia, akamsogezea mkeka. "Karibu, baba. Leo umesimama wima?"

"Leo nimeangalia ninapokanyaga. Naomba maji, Bweni. Kinywa kimekauka."

"Maji! Mgeni wa harusi anywe maji? Bahiat, leta sharubati ya ukwaju!"

Ndani, sauti ya bibi harusi ikaitika, na glasi ikapitishwa mlangoni na mkono uliojaa hina. Ridjali akanywa yote, akashukuru.

"Sasa naomba ya kutawadha. Ijumaa hii, sitaki kuchelewa."

Mikono ya Bibi Maanrifa ikasimama juu ya ungo. Sharubati inaweza kuchukua nafasi ya maji ya kunywa. Ya kutawadha hayana mbadala, na hakuna mlango katika mji ule unaoweza kumnyima mtu.

"Tangi linaoshwa," alisema.

"Kwa nini mlizamu umegeuzwa?"

"Ili likauke."

Karibu na mguu wake, ndoo ya kuchotea ilikuwa imefudikizwa juani. Kamba yake ilikuwa imekauka, imekakamaa, na juu yake kuna unga mweupe kama wa muhogo. Inspekta alipitisha kidole juu ya kamba, akakiweka ulimini.

"Bweni," alisema, "tangi lako lina chumvi."

Kutoka uani, chini ya kifuniko cha mbao, ikasikika pumzi moja ndefu, nzito, yenye povu, ya kiumbe aliyepanda juu kuvuta hewa.

"Ni mkwe wangu," alisema Bibi Maanrifa bila kupepesa. "Ana mafua."

Fundi Nouriat alitoka ndani akiwa na mkebe wa dawa, vidole vyake vya zambarau mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Basi, Bweni. Ameshajua."

Walimweleza wakipokezana. Mpishi wa Kapteni alikuja Jumatatu kupima shingo ya Koko kwa mkono. Jumanne ilikuwa siku ya zawadi. Fundi Nouriat alikwenda kwa mama harusi kulia, mama harusi akamwambia machozi hayabebi kasa. Maji ya tangi yalikuwa yamekwisha kwa kupika na kunawisha wageni. Wanawake wakateremka baharini na masufuria ya pilau kichwani, wakapanda nayo yamejaa, na katika wiki ya harusi hakuna anayeuliza sufuria ina nini. Kisha kitanda cha kamba, Koko juu yake, shiromani juu ya Koko, na juu ya shiromani masinia ya mikate ya sukari.

"Mpishi wa Kapteni mwenyewe," alisema Bibi Maanrifa, "aliokota mkate mmoja kutoka mgongoni mwake. Akasema mtamu."

"Na Boina?" Ridjali aliuliza. Kicheko kikakatika. "Jioni hii anahamishwa kambini. Nikimtoa Koko, Boina anapona na Koko analiwa. Nisipomtoa, nyote mnamjua Boina, kule atapigiwa siri ambayo hana."

"Utamtoa," alisema Fundi Nouriat. Hakuuliza.

"Kazi yangu ni kupata kilichoibiwa." Alikuwa bado anaitazama kamba. "Wizi una sehemu mbili, Fundi: mali, na mwenye mali. Huyu ni wa nani?"

"Wa bahari."

"Pezi limepona?"

"Limefunga tangu wiki iliyopita. Nilikuwa namngojea bamvua, maji yajae, nimwachie mbele ya watoto wa shule."

"Leo utamwachia mbele ya watu wote. Akishakuwa baharini, hakuna kilichoibiwa, na kama hakuna kilichoibiwa, nina mahabusu wa bure ambaye sheria inanitaka nimfungulie. Ila tusifanye watu kumi. Watu kumi wanapakiwa kwenye lori moja."

Bibi Maanrifa alikung'uta ungo. "Basi mji. Wakitufunga sote, mwanangu, waanze kujenga tangi. Jela yenyewe haina maji ya kunywesha mbuzi."

Baada ya swala ya Ijumaa ngoma ikaanza. Ridjali alikwenda mahabusu, akafungua mlango, akaandikisha kwa mlinzi wa zamu kwa sauti ya kusikika: mshukiwa anatolewa kwenda kutambua mali iliyopotea. Huo ni utaratibu. Upo kitabuni. Hakuna aliyeweza kubisha.

Kitanda kilitoka uani kwa Bibi Maanrifa kikiwa na shiromani juu, na safari hii hakuna mkate uliofunika kitu. Koko alikuwa amenyoosha shingo, anautazama mji kama uliomkosea, pezi lake la zambarau linapiga hewa. Wanawake wa sare nyekundu mbele. Bwana harusi mwenyewe ameshika kona, katika joho lake la nyuzi za dhahabu, kwa sababu mama mkwe wake alisema mwanamume asiyeweza kubeba kasa hatabeba binti yake. Fundi Nouriat anatembea ubavuni na kipaza sauti: "Msimgeuze tumbo juu! Mnyunyizieni maji, ngozi isikauke! Anavuta hewa kama nyinyi, msimfunike pua!" Na watu waliosikia somo hilo Ijumaa zote sasa walikuwa wakilijibu kama wimbo. Boina alipomwona Koko, hakusema neno. Mji mzima ulishuhudia muujiza huo. Aliingiza bega chini ya kitanda, akaanza kulia na kucheka kwa uso mmoja.

Pwani, gari la kijeshi la Kapteni Delorge lilikuwa limesimama katikati ya barabara.

"Inspekta! Hatimaye. Mpeleke jikoni."

"Namalizia uchunguzi, Kapteni. Mshukiwa, unaitambua mali hii?"

"Naitambua!" alipaza Boina. "Hata yeye ananitambua, anapenga kamasi!"

"Vizuri. Utaratibu unasema mali irudishwe mahali ilipotolewa."

"Hodhini?" Kapteni alikunja uso.

"Kabla ya hodhi."

Ilimchukua muda. Alitazama kasa, akatazama bahari, akatazama vile vichwa vyote kuanzia msikitini hadi majini. Wanawake walishapita ubavuni mwa gari, kulia na kushoto, kama maji yanavyolipita jiwe. Kisha akapiga mbio kwenye redio yake, akaita lori kutoka kambini.

"Mbele!" alisema Ridjali, na ngoma ikabadilika.

Maji yalikuwa yamekupwa. Kati ya barabara na bahari kulikuwa na mawe, yale mawe meusi ya mlima wetu wa moto, yenye ncha kama wembe na utelezi wa mwani. Wakaingia. Viatu vilibaki, joho likachanika, watu wakacheka, wakaumia, wakacheka tena. Kisha bwana harusi akatia mguu kwenye ufa, kifundo kikateguka, akakaa chini na dhahabu yake yote. Kona ile ikashuka. Kitanda kikainama. Koko akateleza kuelekea mawe, na Ridjali, aliyekuwa kona ya pili, akapiga goti kumzuia kwa kifua.

"Mtu mmoja!" alipiga kelele. "Kona hii! Mtu mmoja tu!"

Kila mkono uliokuwa karibu ulikuwa tayari umeshika kitu. Aligeuza shingo kuelekea mjini, akaona pazia linasogea.

Ndiyo, lako. Lori linanguruma pale kwenye kona ya soko. Boina bado ana bega chini ya kitanda, ana umri wa baba yako. Bahari iko pale, mawe machache tu, unaweza kuilenga kwa kofia. Hapana, hayo si ya wakubwa. Hapana, hakuna mwingine. Weka chini kikombe. Teremka ngazi, hivyohivyo na kikoi chako. Kona moja iko wazi.

Shika!